Sugu Mahali Pasipofika Mpini

Baba,

Leo umetimiza mwaka mmoja chini ya udongo, na uwanja wa nyumba yako umejaa watu. Wamekuja majirani wa kitongoji kizima, wamekuja jamaa kutoka Kahama, wamekuja wenzako uliochimba nao dhahabu Rwamgasa, wale ambao bado wana pumzi ya kusafiri. Desturi inanitaka mimi, mwanao wa kwanza, nisimame niseme neno kwa niaba ya familia. Nimeona nisiwahutubie wao. Nimekuandikia wewe, nami nitaisoma barua hii kwa sauti mbele yao, kwa sababu jambo nililo nalo ni lako kabla ya kuwa lao. Ninakuomba ruhusa ya kukifunga kisima chako.

Ninajua ninachokigusa. Ulikichimba mwaka ulipoachana na machimbo, nikiwa darasa la tano. Ulikishusha kama duara, yaani shimo la dhahabu, kwa tindo na nyundo, magogo yakishikilia kuta, hadi ukaupasua mwamba na maji yakapanda. Hukumnyima mtu ndoo. Watu wakasema wanakwenda Kwa Masanja, kwa jina lako, na jina la kisima likawa jina la kitongoji. Tangu ulipoondoka foleni imerefuka, maana kiangazi hiki visima vingine vimekauka na chako hakijapungua hata pingili moja. Wako watoto waliozaliwa baada ya kifo chako ambao maji yao ya kwanza yametoka humo.

Ndiyo maana siwezi kuendelea kunyamaza.

Niruhusu nianze na mikono yako. Ulinisimulia mara nyingi jinsi mlivyompokea mgeni duarani. Hamkumuuliza kabila wala dini; msimamizi alimwambia tu, "Fungua kiganja." Kikiwa laini, mlimwambia akauze vitumbua, mwamba usije ukamliza. Kikiwa na sugu, alipewa nyundo papo hapo. Siku niliporudi na shahada ya udaktari, ulikunjua kiganja chako mbele ya wageni, ukaniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita binti yao kwa jina la mama, ukasema, "Mayu, cheti chako cha karatasi kitaliwa na mchwa. Mimi changu nitazikwa nacho." Tulicheka sote. Hukuzikwa nacho, Baba. Mkono ule ulikutangulia.

Na hapa ndipo penye kosa langu, ambalo sijapata kulitamka mbele ya watu.

Miaka minne kabla hujafa, nikiwa tayari ninasomea magonjwa ya ngozi, ulinionyesha punje ngumu, ndogo kama mtama, zilizojitokeza kiganjani. Ulisema, "Hizi ni mpya, na sururu nimeiacha siku nyingi." Ulikuwa umeniambia kila kitu. Mgonjwa mwingine yeyote ningemsogeza dirishani penye mwanga, ningemvua viatu, ningemtazama mgongo. Wewe nilikubonyeza kwa kidole gumba, nikakuambia, "Ni sugu tu, Baba. Paka mafuta." Nikaingia jikoni kumsalimia Mama.

Ukawa unazichonga kwa wembe. Moja, karibu na shina la kidole gumba, ikageuka kidonda kisichofunga. Uliponijia tena nilikata kipande cha ngozi nikakipeleka maabara, jibu likarudi kuwa ni saratani. Tukaukata mkono. Lakini kwapani palikuwa pamekwisha kuvimba, na sote wawili tulijua maana yake, ingawa wewe uliendelea kuniuliza habari za mvua. Katika jalada lako niliandika kazi yako: mchimbaji. Neno hilo lilinitosha. Lilinijibu kabla sijauliza.

Kisha akaja Mama Rehema.

Wageni waliotoka mbali huenda hawamfahamu. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuolewa kutoka Tanga, muuza vitenge katika soko la Katoro, mtani wako wa kila siku. Miezi miwili baada ya arobaini yako alinifuata kliniki Shinyanga kwa ajili ya mba wa shingoni. Nilimwandikia dawa, akasimama, akafika mlangoni, akageuka akicheka. "Na hizi je, Daktari? Marehemu baba yako alikuwa akinisema eti nimefungua duara langu bila kumshirikisha."

Akafungua kiganja.

Nilikuwa ningali ninacheka nilipokigusa. Baba, sugu ya kazi ina adabu: hukaa pale mpini unaposugua, chini ya vidole, kwenye nundu za kiganja. Hizi zilikaa bondeni, katikati, mahali ambapo mpini haufiki hata ukishika nyundo miaka hamsini. Nilimwomba avue viatu. Zilikuwapo pia kwenye uvungu wa unyayo, pale pasipokanyaga ardhi. Nilimwomba ateremshe nguo mgongoni. Ngozi yake ilikuwa na madoa meusi na meupe yaliyotawanyika, kama vumbi lililodondokewa na matone ya kwanza ya mvua kisha mvua ikaghairi.

"Umewahi kushika sururu, Mama Rehema?"

"Mimi? Ninashika mita na mkasi, mwanangu. Sururu ni ya baba yako."

Nilikaa. Ugonjwa huo, wa maji ya visima, niliusoma kwa ajili ya mtihani, katika ukurasa mmoja, nikaamini ni wa nchi za watu wengine. Nilikuwa nimeushika mkononi, katika kiganja chako, nikautia jina la kazi. Mama Rehema aliniona nimebadilika, akatoa chupa kwenye mkoba wake. "Kunywa maji, unatoka jasho. Ni ya kwenu." Nilikuwa nimekwisha kumeza funda la kwanza nilipoelewa ninakunywa nini.

Nilichukua maji ya kisima chako, nikayapeleka maabara Mwanza. Jibu lilikuwa neno moja nililolitarajia na kuliogopa: aseniki. Ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Haimwangushi mtu. Humkalia miaka, ikiandika polepole kwenye ngozi, na baadaye yaweza kuingia kibofu na mapafu. Hukaa mwambani pamoja na dhahabu. Hulala kitanda kimoja.

Nawe ulilijua hilo kwa njia yako. Ulinifundisha nikiwa mtoto kwamba jiwe likinuka kitunguu saumu unapoligonga, dhahabu haiko mbali. Wakati ulipokuwa ukichimba kisima ulipanda juu ukasema mwamba wa chini unanuka kitunguu saumu, ukatutania kwamba umefuata maji na dhahabu inakuita. Ile harufu ndiyo aseniki, Baba. Wazee wa machimbo mliitambua kwa pua na mkaifuata, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ina upande wa pili.

Liko jingine. Tangu nikiwa mwanafunzi niliwahimiza wote humu wachemshe maji. Mama alinitii kuliko mtu yeyote. Hachoti kikombe kabla hayajatokota. Moto huua vijidudu. Aseniki hauigusi, na maji yanapopungua sufuriani, sumu inabaki kwenye maji yaliyosalia. Ushauri wangu ulikuwa mwema kwa kila kisima isipokuwa hiki.

Baada ya hapo nilikuja hapa kila mwisho wa juma, nikawaomba watu wavue viatu. Sitataja majina. Wenye punje hizo wanajijua, na baadhi yao wanaisikia barua hii wakiwa wamekunja viganja. Vitabu vinauita ugonjwa adimu. Ninaanza kuogopa kwamba katika ukanda huu haukuwa adimu hata siku moja. Tuliuita sugu, tukausifu. Matibabu yake ni machache nami sitayapamba. La kwanza ni kuacha maji. Yapo marhamu ya kulainisha ngozi, upo upasuaji wa kukata mapema kile kinachobadilika, kama tulivyomkata Mama Rehema punje moja iliyokuwa imeanza kuharibika. Hakuna dawa ninayoweza kumpa mtu ikafuta miaka aliyokwisha kunywa. Hata tukikifunga leo, wapo ambao ngozi itawadai baadaye. Mimi mwenyewe ninatazama viganja vyangu kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Hawakuniamini, na siwalaumu. Mwenyekiti wa kitongoji aliniambia kwa upole, "Dokta, maji ya kuua watu yangekuwa yameshatuua." Mzee Lushinge, uliyeshuka naye duara moja, alikataa nisimguse. "Sugu zangu ni za Rwamgasa. Usije ukanivua nishani." Vijana wa bodaboda wakapita wakisema kwa sauti ya kusikika, "Huyo kasoma mpaka anaogopa maji." Niliwaeleza kwamba kisima cha pampu cha shuleni nimekipima na ni salama. Wakanijibu kwamba ni mbali. Ni mbali kweli.

Lakini aliyenizuia ni Mama. Nilipomwambia kwa mara ya kwanza, aliendelea kupepeta mchele hadi ukaisha, kisha akasema, "Ulimkata mkono. Sasa unataka kumkata jina." Kwa majuma kadhaa alinipokea kwa heshima kama mgeni, na kila niliponyosha mkono kumsalimia, alinipa kifundo cha mkono, akisema ana unga viganjani. Hata siku zisizo za kupika.

Asubuhi ya leo aliniletea chai. Nilimuuliza maji ni ya wapi. Akasema, "Ya baba yako." Niliiweka chini bila kuionja. Sikuimwaga. Tulikitazama kikombe kile mpaka kikaacha kutoa mvuke. Kisha Mama akakaa mkekani mbele yangu, akafungua viganja vyote viwili juu ya magoti yake, akageuza uso ukutani kama mtoto anayechomwa sindano.

Nilivitazama, Baba. Safari hii nilivitazama kwa muda unaostahili. Kimoja, cha kushoto, kina punje ambayo siipendi. Kesho nitaondoka naye kwenda Shinyanga nikaikate.

Hakuniambia kwamba amekubali. Alivuta khanga yake, akauliza mfuniko wa zege umeletwa tayari au bado, na ni mzito kiasi gani. Nikamwambia unahitaji watu wanne. Akasema, "Basi tafuta watatu."

Kwa hiyo sikuombi tena ruhusa. Aliyekuwa na haki ya kuitoa ameitoa. Nikimaliza kusoma, Mama na watu watatu wataubeba mfuniko, na ndoo zilizopangwa pale zitarudi tupu. Kitongoji kitaendelea kuitwa Kwa Masanja. Ninakuahidi kwamba kila baada ya miezi sita nitarudi hapa na kukagua viganja na nyayo za kila aliyekunywa, mkubwa kwa mdogo, hata za Mzee Lushinge, mpaka niwe kikongwe nisiyeona. Na neno lile, "ni sugu tu," halitatoka tena kinywani mwangu kwa mtu yeyote kabla sijamvua viatu.

Wabeja sana, Baba, asante kwa kila ulichotuchimbia ukidhani ni uhai.

Pumzika sasa. Usitutazamie upesi. Najua baadhi yetu tumekwisha kuanza njia ya kuja huko; mimi kazi yangu ni kuwachelewesha.

Mwanao,
Kabula