Nukta Nyekundu Mlangoni

Aki Mwongeli, nimemfutisha mzee Nzuki kazi. Mimi!

Unajua ile simulesheni nilitengeneza kwa kompyuta, ya kuonyesha kwa nini troli zinajazana kwa godauni yetu ya ndengu? Leo nimemwonyesha bosi.

Kila troli ikifika mlangoni inasimama. Bosi akauliza, "Hapo kuna nini?" Nikacheka, nikasema ni mzee Nzuki, mlinzi, lazima asalimie kila mtu anayesukuma troli na amuulize kama kwao kumenyesha.

Nilicheka, Mwongeli.

Bosi akasema, "Basi aende nyumbani."

Mzee amekuja kuniaga. Akauliza yeye ni gani hapo kwa kompyuta. Nikamwonyesha nukta nyekundu, troli zote zimeizunguka.

Akaangalia weee. Akasema polepole, "Kumbe hawa wote walikuwa wanasimama kwa ajili yangu."