Madole Gumba Kumi na Sita Niliyoyaziba

Mpendwa Mama Febronia wa safu ya ushauri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi itunze utanirudishia. Naomba unisaidie haraka kwa sababu duka la marehemu baba hapa Singida mjini linabomolewa mwisho wa mwezi huu na mwenye kosa ni mimi, Melkizedeki, mtu ambaye kuanzia Mandewa mpaka stendi hakuna asiyenijua, niliishia darasa la sita lakini walimu walikuwa wananiuliza mimi hesabu, na kule Sekenke niliwahi kutoka shimoni na dhahabu ukubwa wa kichwa cha mbuzi, ila hilo siyo la leo.

Duka hilo baba yangu, fundi Andrea, alilijenga kabla ya uhuru kwa mawe ya kuchonga, yeye na wakulima na wafugaji kumi na tano waliochoka kuuza ngozi na asali kwa bei ya kupangiwa, wote walibeba mawe, likawa duka lao, ambalo baadaye wenzake walimwachia baba, na siku ya kumwaga linta, ile boriti ya zege juu ya mlango, kwa kuwa hakuna aliyejua kuandika, kila mmoja alibandika dole gumba kwenye sementi mbichi kama unavyosaini hati. Sisi watoto tulikuwa tunabebwa mabegani tuingize vidole vyetu mle.

Nilipokuwa kijana mwalimu mmoja alikuja kununua sukari, akaangalia juu, akacheka, “Kumbe wazee wenu walikuwa mbumbumbu wote,” ikaniuma, nikaanza kuwaambia watu kwamba duka lilijengwa na Wajerumani na gavana alilala humo siku tatu na farasi wake, na kila mwaka hadithi ikanenepa. Mwaka huu Raymond, mtoto wa marehemu kaka yetu, akapata mnunuzi anayetaka kulivunja ajenge fremu za maduka za kisasa, ndipo dada yangu Damari akamwita mtaalamu wa majengo ya kale, Eliana, alione na lihifadhiwe. Mimi nikaona madole yatatuaibisha mbele ya msomi, basi siku moja kabla nikachanganya sementi nikayaziba yote, juu yake nikachora kwa msumari 1904.

Eliana akapanda ngazi, akakwangua pembeni kwa ufunguo, ikadondoka kama unga uliolowa.

“Mzee, hii ina miaka mingapi?”

“Mia na ishirini.”

“Mbona bado mbichi?”

Watu walicheka mpaka barabarani. Akaandika kwamba historia ya jengo ni ya kughushi, akaondoka zake.

Damari alisema neno moja tu, “Kaka, umemfuta baba,” tangu hapo haongei na mimi. Nikamweleza Raymond, ambaye hakukulia hapa, habari ya madole, akanijibu, “Baba mdogo, wewe ukisema leo Jumatatu mtu lazima aangalie simu.” Katika wale kumi na sita aliyebaki hai ni Mzee Chrispin wa Ikungi, lakini Eliana nilishamwambia amekufa ili asimtafute, tena nikasema mazishi nilisimamia mimi. Nikisema ukweli mji mzima utanicheka mpaka nife, nikinyamaza duka linaenda. Nifanyeje mama, na jina langu pia ni mali.

Melkizedeki, Mandewa

*

Melkizedeki, marahaba. Nina miaka sitini na tisa, sirudishi kitu.

Pole kwa nyumba ya baba inayosubiri nyundo. Pole yangu inaishia hapo. Watu wasiojua kusoma walijenga duka ili wasipangiwe bei, wakasaini ukutani, na wewe ukaona afadhali gavana. Gavana gani? Hata jina hukumpa. Ulimwonea aibu mtu aliyekulisha kwa sababu ya mteja mmoja wa sukari. Na hilo jina unalolilinda, waliokucheka wanalijua siku nyingi. Aliyebaki akiliamini ni wewe peke yako.

Sasa sikiliza. Usishike tindo. Atakayeibandua hiyo sementi ni Eliana au fundi wake, mkono wako umeshafanya kazi ya kutosha pale. Duka ni la urithi, kwa hiyo Raymond asijifanye mwenye nalo peke yake: wewe na Damari nendeni baraza la ardhi wiki hii mkaombe zuio, na ulizeni kata wapi mtapata msaada wa sheria wa bure. Eliana mwandikie barua ya mistari minne, bila Sekenke: nilidanganya, nimeziba, chini yake kuna madole ya waliojenga, shahidi yuko hai. Ukiongeza wa tano utaharibu.

Inawezekana likabomolewa hata hivyo. Watu wa fremu wana haraka, na umewapa nafasi wewe mwenyewe. Kwa hiyo anza na Ikungi, kesho asubuhi. Mpigie magoti Damari kama lazima, aende na wewe. Mzee Chrispin lazima anakaribia miaka tisini, hawezi kusubiri upate ujasiri. Mwombe msamaha kwa kumzika, kisha Damari arekodi kwenye simu majina ya wale wote, mmoja mmoja, na nani alibeba nini. Wewe kaa kimya. Akikosea mwaka, kaa kimya. Akimsifu baba yako kidogo kuliko unavyotaka, kaa kimya.