Picha Kutoka Simu ya Adelard

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kompyuta mpya hatimaye! Ya zamani ilipigwa na radi, ikaondoka na alama za darasa langu zima. Fundi Jovitus wa Murongo kaniwashia hii na kunionya: Madam, safari hii weka bakapu, radi za Kyerwa hazina adabu. Nimeingiza akaunti yangu ya zamani, nikaruhusu kila kitu kipandishwe mtandaoni na kushushwa. Bando linakwenda kama maji. Liende tu. Sitaki kulia mara mbili.

Jumatano, 11 Juni
Mafaili ya shule yamepanda yote. Lakini kuna picha zimeshuka, si zangu. Kandambili kwenye tope. Sahani ya maharage. Mto Kagera, picha imepigwa ng'ambo, upande wa Uganda.

Nimefungua orodha ya vifaa vinavyotumia akaunti. Viko viwili. Kompyuta yangu — na Simu ya Adelard. Imetumika leo.

Kaka yangu Adelard! Mtumbwi wake ulipinduka mtoni mwaka juzi, mwili haukuonekana. Hakuwa na akaunti, mimi ndiye niliyemwekea yangu kwenye simu yake. Nilishasahau kabisa. Na kwetu mtu hakosi kaburi. Tulizika mgomba badala yake kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, tumeuvisha shati lake la Pasaka.

Nimepiga namba yake. Haipatikani, kama siku zote.

Alhamisi, 12 Juni
Jovitus kwa simu: eti kuna mtu kaiokota simu ya kaka, kaikausha, kaiuza. Mambo ya mpakani. Niiondoe tu kwenye orodha, nibonyeze mara moja, la sivyo picha zake zitanijazia nafasi.

Nikaweka kidole tayari. Nikaitazama tena ile sahani. Kona ya chini — kidole gumba kisicho na kucha! Adelard alikatwa na panga utotoni, na kila akipiga picha lazima kidole hicho kizibe kona. Nilimsema mpaka nikachoka. Sasa huyo aliyeokota simu, kaokota na kidole?

Sijabonyeza. Naogopa. Nikibonyeza nitakuwa nimemzika tena, na safari hii peke yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Mbili mpya. Barabara ya Murongo, upande wetu. Halafu kahawa yetu imeanikwa uani, na mgongo wa mama, na kitenge alichovaa leo. Kidole kwenye kona. Na mbwa hakubweka!

Nimemwonyesha mama. Nilidhani atapiga yowe. Katazama, kafuta kioo kwa kiganja, kauliza kama huko alipo anakula vizuri. Kisha akanigeukia kwa Kinyambo kikali: mbona sikumwambia mapema? Aliyekwisha kuzikwa akibisha hodi, haitikiwi. Ukimwitikia, na mgomba wake ungali chini, umemwitikia marehemu, na marehemu ndiye atakayeingia. Kwanza mgomba ufukuliwe.

Mimi ni mwalimu, siamini mambo hayo. Nimefunga mlango jua halijazama.

Jumapili, 15 Juni
Hatukwenda kanisani. Mama yuko kaburini na jembe, namwona dirishani. Kakataa nimsaidie. Anasema kumfukua mtoto ni kazi ya aliyemzaa. Mimi nikae mezani niangalie picha.

Imeshuka moja. Mama kainama, jembe juu. Imepigwa kutoka kwenye mibuni — sasa hivi!

Hodi.

Mlango wa mbele. Sauti ni yake, ila imekauka. Kaniita Kavero. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Jamani, ulimi wangu! Naandika ili nisiitike. Mama kaninyooshea mkono kutoka shimoni: nyamaza. Shati bado halijaonekana.

Hodi tena. Anauliza kama tumebakiza chakula chochote.

Mama kasikia. Kaacha kuchimba, mdomo unamfunguka.