Mashini Iliposema Programu Haipo

Jumanne, mjini Baraka. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa jioni haijakatika. Nimelowa, miguu imejaa matope, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Niandike kabla haijapoa.

Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za hospitali yetu. Kubwa kati yake ni mashini inayotumia mfumo wa Linux na kuhifadhi picha za mifupa. Jana diski yake ilianza kukwaruza kama inasaga mahindi, kwa hiyo sikuwa na hiari. Nilinakili kila kitu, nikafunga diski mpya, na leo asubuhi nikaweka mfumo mpya. Mtandao ukakubali. Printa ikakubali.

Programu ya kufungulia picha ikagoma.

Na leo hasa kulikuwa na Bahati, dereva wa pikipiki wa njia ya Misisi. Alianguka jana na kuumia mguu uleule aliowekewa chuma mwaka jana, na picha yake mpya imo ndani ya mashini hiyo. Dokta Esube, atakayempasua, alikuja mwenyewe ofisini kwangu. Hakunigombeza. Alisema tu: "Aline, huu muguu siwezi kuufungua bila kuona ile chuma iko fasi gani."

Nikaiita programu tena. Mashini ikajibu kwamba faili hiyo haipo. Nikatazama ndani ya folda: ipo. Nikaita tena: haipo. Naiona kwa macho yangu, halafu naambiwa haipo! Nakiri, nilitaka kulia.

Nilitoka kupata hewa. Kwenye baraza nikamkuta mama yake Bahati, amekaa na kitambaa mapajani.

"Banamukataza kula tangu jana mangaribi," aliniambia. "Ile mashini yenu itaamuka?"

Nikamjibu kwamba itaamka. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Niliporudi kwenye kiti nikajiuliza upya: kama programu ipo, ni nini basi ambacho hakipo? Nikaichunguza. Ilitengenezwa zamani, kwa kompyuta za biti thelathini na mbili, na kila inapoanza huita kipande fulani cha mfumo kije kuiamsha. Mfumo mpya ni wa biti sitini na nne, kipande hicho haukuja nacho. Mashini haikunidanganya. Ni mimi niliyedhani inazungumzia programu.

Nikachukua vipande vya zamani kutoka kwenye nakala, nikavimwaga katikati ya mfumo mpya. Hapo nikaharibu zaidi. Printa ikanyamaza, mtandao ukakatika. Nikavitoa vyote, jasho likinitoka ingawa nje ni mvua.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikatenga folda moja, nikajenga humo mfumo wa zamani, mdogo, wenye vipande vyake vyote, nikaiweka programu humo ndani na kuifungulia njia moja tu ya kuzifikia picha. Kwa upande wa programu, hakuna kilichobadilika duniani.

Ikafunguka.

Mguu wa Bahati ukajaa kioo chote, mweupe, na chuma chake ndani. Nilimwita Dokta. Alisimama nyuma yangu, akasogeza uso karibu na kioo.

"Misumari ya juu imekatika," akasema. "Ya chini iko muzuri. Sasa najua fasi ya kuanzia."

Akanigusa bega, akaenda kunawa mikono.

Upasuaji umekwisha salama. Jioni nimepita wodini, Bahati anakunywa uji polepole, anaulizia pikipiki yake. Mama yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kompyuta ya hospitali ya Nundu ina umri uleule, na wenzangu wa huko wananiomba tangu zamani niibadilishie mfumo. Kila mara nilikuwa natafuta sababu: barabara mbaya, kazi nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Alhamisi naenda.