Sharti la Kumwita Athumani

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Zuhura aliniandikia kwamba umeanza tena kwenda sokoni Makorora peke yako na hutaki kusindikizwa. Nikacheka, nikajua basi hali yako si mbaya. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kifua kilinibana wakati wa baridi lakini sasa kimeachia. Bado niko kiwanda kile kile cha mikate hapa Cardiff, bado natoka kazini na unga masikioni. Na wewe dada yangu Zuhura unayemsomea mama, soma taratibu, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Nimepata barua yenu. Kwamba yule muuza machungwa wa Muheza amekwenda kwa adabu zote kumuulizia Mwanahamisi, mke wa mdogo wangu Athumani aliyepotea miaka hii yote. Kwamba Mwanahamisi hakukataa, ila alilia. Kwamba Mjomba Kombo amezungumza na shekhe, na shekhe yuko tayari kuamua kuwa Athumani amekufa, hitima isomwe, mke akae eda, kisha awe huru. Na kwamba wewe mama umesema husomi hitima ya mtu asiye na kaburi, basi wote wananingoja mimi, mwana mkubwa, niseme neno. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa ninalo, lakini itabidi kwanza nikuhadithie mchezo, na unisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kunisomea dua.

Yupo mwenzangu wa kazini anaitwa Colin. Jumapili baada ya chakula cha mchana hutualika kwake, tunazunguka meza. Hakuna karata wala bao. Colin anasimulia habari za nchi isiyokuwepo, yenye mapango na majitu, na kila mmoja wetu ni mtu fulani ndani ya hadithi hiyo. Ukitaka kuruka ukuta au kupigana unatupa dadu, nazo zina pande nyingi mpaka zinakaribia kuwa duara. Wamo waganga pia, na uganga wao umeandikwa kwenye kitabu kinene. Usishtuke, mama. Hapana ubani wala kuku mweusi. Ni watu wazima wanakula biskuti na kugombana.

Wanachogombania ni hicho kitabu. Mganga akifungwa mikono, uganga unapita? Akimroga mtu aliye nyuma ya pazia, unampata? Wanaweza kubishana hivyo mpaka chai inapoa. Hapo ndipo nilipojipatia cheo. Unamkumbuka mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, alivyotuchapa mpaka tukajua sharti ni lipi na nguzo ni ipi? Sharti ni lile linalotakiwa kabla hujaanza, kama udhu kabla ya sala. Nguzo imo ndani yake, kama kurukuu. Basi nikawapangia uganga wao namna hiyo hiyo. Kumwona unayemroga, sharti. Maneno ya kutamka, nguzo. Sasa wakikwama wananigeukia, na Colin ananiita kadhi. Mwalimu angejua elimu yake imeishia wapi angenichapa upya.

Mtu wangu wa mezani nilimpa jina la Athumani. Nilifanya bila kufikiri. Kwetu jina la mpenzi wako aliyekutoka unampa mtoto, na mimi huku sina mtoto. Nilipenda kulisikia likitajwa, basi. Wenzangu hawakujua ni jina la nani.

Jumapili moja hivi karibuni Athumani huyo alikuwa anavuka mto ndani ya pango. Nikatupa dadu, ikakaa vibaya, kamba ikakatika, maji yakamchukua. Ni yeye peke yake aliyejua ufunguo wa lango ulifichwa wapi. Basi mama mmoja wa makamo, Jean, ambaye mezani ndiye mganga, akasema atasoma uganga wa kuzungumza na wafu. Amwite Athumani, amuulize.

Nikasema haiwezekani. Sharti la kwanza ni maiti kuwepo, na hapa maiti haipo. Colin akafungua kitabu. Kinasema aitwe mfu kwa jina lake; mwili hakiutaji. Nikabisha. Nikasema bila mwili tunajuaje kama ni mfu? Huenda ameshika jiwe huko chini, huenda ameokotwa na watu. Nilibisha kwa ukali mpaka wakatazamana. Nilikuwa nimesimama, mama, na sijui nilisimama lini.

Jean akaniuliza kwa upole, "Lakini tulikuwapo wote. Tulimwona akizama. Unataka nini zaidi ili ukubali?"

Mawazoni nilimwona yule mwenzake mdogo wangu, aliyerudi peke yake kutoka safari ile ya Mombasa, amesimama uani kwetu na nguo zimemkaukia chumvi, akiapa kwamba mashua ilijaa maji na alimwona kwa macho yake akienda chini. Nasi tukamuuliza maiti iko wapi.

Nikakaa. Jean akaita, "Athumani." Sheria ya mchezo ni kwamba mwenye mtu ndiye anayejibu kwa niaba yake, hata akifa. Sikuitika. Akaita tena. Mdomo haukufunguka, kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha tangu wadogo: "Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Akiwa mtu, atakuja mbele yako."

Nikakumbuka mchana ule. Ulikuwa nyuma ya nyumba unakamua tui, mimi nimelala barazani, na ukasikia Athumani anaita, "Mama!" Ukageuka, hukuona mtu, ukanyamaza kama ulivyotufundisha sisi. Jioni ndiyo yule mwenzake alikuja. Tangu siku ile unasema ungeitika angerudi. Tangu siku ile hutii komeo mlangoni, na mwezi wa Ramadhani unamwekea sahani. Na alichokwenda kutafuta Mombasa ni sabuni, mama, maana enzi zile kwetu haikupatikana. Zuhura anasema sasa zimejaa kila duka, za kila rangi. Nikiiwaza hiyo naumia mpaka naona hasira.

Jean akaita mara nyingine. Nikasema, "Naam."

Akauliza habari za ufunguo, nikajibu. Kisha akatabasamu akasema katika maswali anayoruhusiwa na kitabu lipo moja limebaki, asilipoteze. Akauliza, "Athumani, tukikuita hivi, unaweza kurudi?"

Kitabu kiko wazi hapo, kila mtu analijua: uganga ule unampa mfu sauti tu, haumrudishi. Ningejibu hapana na mambo yakaisha. Badala yake maneno yalinitoka kwa Kiswahili, na sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ile yake ya kukwaruza, unayoijua, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Ilisema, "Siwezi kurudi. Mwambieni mama afunge mlango."

Hawakuelewa hata neno, wakadhani naigiza, wakapiga makofi. Mimi kikombe kikaniponyoka.

Sisemi ni yeye. Mungu ndiye ajuaye, na shekhe akisikia habari hii atanikemea, naye atakuwa na haki. Huenda ni mimi mwenyewe, niliyelibeba jambo hili miaka yote. Lakini tangu siku ile naogopa kukaa chumba kimya, na jina lake silitaji tena mezani. Lile neno nimeletewa, sina budi kulifikisha. Kuitika kwako kusingemrudisha, mama. Hukumkosea. Alikuita kuaga.

Basi neno langu ni hili: hitima isomwe. Mwanahamisi akae eda, na huyo muuza machungwa asubiri kwa adabu ile ile aliyoanza nayo.

Mpe salamu Mjomba Kombo huko Nguvumali, umwambie asimalize ubani wote kwenye hitima. Mpe Mwanahamisi mkono wangu, umwambie bado ni shemeji yangu akiolewa na yeyote. Zuhura, pole kwa kusoma.

Na leo, mama, kabla hujalala, tia komeo. Mimi nikija nitabisha hodi, nitakuita kwa sauti, na ukichungulia utaniona. Hapo uitike.

Mwanao,
Bakari