Sikio la Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Nimechanganya sauti na ala za wimbo wa Salehe tangu asubuhi. Kiitikio kinanisumbua. Ukungu umeshuka hadi dirishani, vidole vizito juu ya kinanda. Salehe ameniletea kabichi za shambani kwao, akaniamkia, akaketi kusikiliza. Anaimba kama mtu asiyejua kwamba anaimba vizuri. Kampuni ya muziki ya Dar inautaka uwe wimbo wa kwanza wa albamu yake. Ukikubaliwa, albamu yote nitaitengeneza mimi, hapa hapa Lushoto, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama. Nimetuma jioni. Siwezi kutulia kwenye kiti.

Jumatano, 5 Juni
Bosi wa kampuni amepiga. Eti sauti imeelemea kulia, wimbo mzima umelala upande. Nimemwambia akague spika zake. Kwa upole, lakini nimemwambia. Tangu niache studio za mjini na kurudi mlimani wanadhani nimezeeka. Nimetengeneza nyimbo zilizoimbwa nchi nzima huyu akiwa bado shule.

Nimesikiliza tena. Hakuna kilichoelemea.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeurekebisha, nimetuma. Jibu: bado, na sasa umezidi. Amenipa wiki moja, la sivyo kazi anampa mwingine.

Nimebadilisha nyaya. Nimebadilisha hedifoni. Nimemfokea mama kwa sababu ya redio yake. Akaizima. Aibu.

Jumamosi, 8 Juni
Salehe amekuja kurekodi sauti ya pili. Katikati ya kazi akaacha kuimba, akanitazama.

"Dada Hilda, nikisimama kulia kwako huniitikii."

Nikamwambia nilikuwa nimezama kazini. Alipoondoka nikaziba sikio la kushoto kwa kidole, nikawasha wimbo. Ngoma kwa mbali, kama harusi ya ng'ambo ya bonde. Sauti ya Salehe, hakuna kabisa.

Sijamwambia mtu. Naogopa.

Jumanne, 11 Juni
Tanga. Nimemdanganya mama kwamba nafuata vifaa. Kona zote za kushuka Mombo nilikuwa napiga vidole karibu na sikio, huku, kisha huku. Mtu wa kiti cha jirani akahama.

Daktari wa masikio ni mama wa makamo, hana haraka. Akapima, akapima tena. "Mshipa wa fahamu wa sikio la kulia umekufa, hautarudi. La kushoto ni zima, ukilitunza." Nikamweleza kazi yangu. Akasema hedifoni na spika kubwa sasa basi. Alisema kama anayemkataza mtu chumvi.

Tanga joto. Nimenunua waya mmoja, mama asiulize.

Alhamisi, 13 Juni
Ningeweza kumtafuta mtu Dar achanganye kimyakimya, jina libaki langu. Nimeliwaza hilo tangu alfajiri. Nimetembea hadi genge la Irente na kurudi, sikuona kitu njiani. Watalii wamenisalimia, sijui kama nimeitikia.

Bila kazi hii mimi ni nani? Mwanamke wa makamo anayeishi kwa mama yake.

Lakini nikificha leo, na wimbo ujao nitaficha. Salehe atatoka na albamu yake ya kwanza ikiwa imepinda, na hatajua kwa nini.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwambia Salehe kwanza. Akabeba kiti chake akaja kukaa kushoto kwangu. Nimelia.

Halafu nikampigia bosi.

"Ulikuwa sahihi," nikamwambia. "Sikio langu moja limekufa. Mpe mwingine achanganye, ila msiifunike sauti ya Salehe kwa mitambo."

Akauliza wimbo aliutunga nani. Nikasema mimi, maneno na tuni. Basi, akasema, albamu itachanganywa Dar, ila nyimbo atazichukua kwangu, kama ninazo. Nikasema ninazo.

Sina hata moja. Mwaka mzima sijatunga kitu zaidi ya wimbo huo.

Jumanne, 18 Juni
Salehe ameondoka kwenda Dar na basi la asubuhi, amevaa koti la baba yake. Nimerudi nyumbani, nimezima mitambo, nimeifunika kwa shuka. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla.

Nimemweleza mama. Akasema alishaona kitu. Tangu Pasaka ananiita, siitiki, akadhani nina majivuno ya Dar. Tumecheka kidogo. Baadaye nimekaa kitandani na gitaa. Hakuna kilichokuja. Nimekasirika, nimelirudisha ukutani.

Jumapili, 30 Juni
Manyunyu. Mama ametoka kanisani, anachambua maharage jikoni. Nimekaa karibu na moto na gitaa. Nimepata ubeti mmoja, kiitikio bado. Nimemwimbia polepole, bila spika, bila chochote. Mikono yake ikatulia ndani ya ungo. Nilipomaliza akaniambia kwa Kishambaa nirudie mstari wa pili.

Nikaurudia.