Nilimtoa kwa Haki, Baba Anataka Nijute

Mshauri wangu, nimeufuta mwanzo wa barua hii mara nyingi kwa sababu kila nikianza naonekana najisifu, basi acha nijisifu kwanza yaishe: mimi ni nahodha wa timu ya taifa ya kriketi ya wasichana walio chini ya miaka kumi na tisa, na mwezi uliopita tulishinda mechi kwenye mashindano ya dunia ya vijana, moja tu, ila ndiyo ya kwanza tangu nchi yetu ianze kwenda huko. Mara ya kwanza dada zetu waliotangulia walifungwa mechi zote, mara ya pili nilikuwamo, mdogo kuliko wote, nasi tukafungwa zote, na siku moja wapigaji wetu wote walitolewa haraka kiasi kwamba nilimsikia mtu nyuma ya wavu akiuliza, "Hawa wamekuja kucheza au kupiga picha?" Swali lile nimeishi nalo miaka miwili, nimefanya nalo mazoezi, nimefanya nalo mitihani.

Safari hii, mechi ya mwisho, wapinzani walibakiza mikimbio miwili tu, yaani pointi mbili, watushinde, na waliokuwa uwanjani ni jozi yao ya mwisho ya wapigaji, mmoja akitoka mechi imekwisha. Kwa asiyeujua mchezo, mmoja anapiga, na mwenzake anasubiri upande wangu mimi ninayerusha, nyuma ya mstari, na hatakiwi kuuacha kabla ya wakati wangu wa kuachia mpira. Akiuacha, naruhusiwa kuviangusha vijiti vilivyosimikwa upande ule na yeye ametoka. Yule dada aliyesubiri upande wangu alikuwa akinyemelea, mpira baada ya mpira, hatua moja, kisha mbili, anajipunguzia njia. Nilikuja mbio kama ninayerusha, nikasimama, nikaviangusha. Mwamuzi akanyanyua kidole: ametoka, tumeshinda. Nilianguka kifudifudi kwenye nyasi wenzangu wakinirukia mgongoni, na mlinda vijiti wetu, tunayemwita Kinanda kwa sababu hanyamazi, alinipigia kelele sikioni mpaka likaziba.

Sasa baba. Baba ni fundi rangi, ndiye aliyenifundisha kurusha, tukitumia ukuta wa nyuma ya nyumba, na Jumapili yeye ndiye mwamuzi wa mechi za wazee wenzake. Niliporudi mama alinikumbatia mlangoni, baba akachukua begi langu, akalipeleka chumbani, akarudi na kuniuliza, "Si ungemwonya kwanza?" Nikamwambia, "Baba, sheria haidai onyo." Akasema, "Sikukuuliza sheria," akaenda kuosha brashi zake, na tangu hapo kwetu tunasalimiana kama wapangaji.

Kuna kipande cha video kimesambaa, sekunde chache tu, mimi naangusha vijiti na yule dada analia, na wenzake wa kazini walimwonyesha baba. Mama ananiambia sasa kila akipanda ngazi kupaka dari wanampigia kelele, "Mzee, usisogee! Ukisogea tu, binti yako anaondoa ngazi!" Wanacheka, yeye hacheki.

Jumamosi chama cha kriketi kinatufanyia hafla, wazazi wamewekewa viti vya mbele, na mimi ndiye wa kuzungumza. Baba amemtuma mama aniambie kwamba atakuja iwapo nitasema mbele ya watu kuwa ninajutia. Mama anasema, "Sema tu, mwanangu, tupumue." Lakini sijutii. Nimejipekua moyoni kama anayetafuta sindano zuliani, na nilichokikuta ni fahari, na chini ya fahari hofu kwamba huenda nimekuwa mtu mkavu, asiye na huruma. Ninamtaka baba kwenye kile kiti kiasi kwamba nimeyafanyia mazoezi maneno yale mbele ya kioo cha bafuni, na kinywa changu kiliyasema vizuri sana, hapo ndipo nilipoogopa. Niyaseme?

Nahodha

*

Nahodha, binti yangu,

Hongera. Nimeisoma ile sehemu ya kidole cha mwamuzi nikasimama peke yangu ofisini, mhariri akadhani nimeumwa na mdudu. Sasa kaa, nikuseme.

Baba yako alikuuliza swali la mzazi, ukamjibu kama wakili. Sheria unayo, hakuna anayekunyang'anya. Ila nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja, sikuiona: baba ameitazama mechi? Ameona machozi ya sekunde chache kwenye simu ya mtu mwingine, huku wenzake wanacheka. Zile hatua za kunyemelea hajaziona. Mtu ambaye kila Jumapili anaamua mechi za wenzake, wewe umempa mwisho tu na ukakasirika kwamba ameamua vibaya. Na wakimtania juu ya ngazi hana la kuwajibu, kwa sababu hakuwepo na hukumsimulia.

Kwa hiyo chama kikupe mkanda wa mechi nzima. Kesho, baba akishanawa mikono, mwombe akae na wewe, mtazame tangu mpira wa kwanza. Usieleze. Usimnyooshee kidole miguu ya mtu. Ninakujua kwa barua yako, utawashwa ulimi, uung'ate. Akimaliza na bado akasema angemwonya, mjibu, "Nimekusikia, baba." Anaweza kuona kila kitu na bado angefanya vingine, na wewe ukabaki binti yake na ukabaki sahihi. Kisha mwalike kwa kinywa chako mwenyewe. Mama si tarishi wenu, mwacheni apumue kweli.

Kujuta usijute. Ushindi huo si wako peke yako hata uugawe kununulia amani ya nyumbani. Ukijuta jukwaani umejuta kwa niaba ya Kinanda na wenzako wote, nao hawajakutuma. Yule dada mtafute, umwambie alipigana mpaka dakika ya mwisho. Hilo ni kweli, na si kuomba radhi. Kuhusu ukavu, mtu mkavu angekuwa ameshadanganya na kwenda kuchagua nguo ya hafla.

Huenda Jumamosi kiti kikawa kitupu. Kitakuuma, sitakuficha. Simama hivyo hivyo. Wataje wenzako mmoja mmoja, wataje na dada zenu waliokwenda kufungwa ili nyinyi mjue njia, kisha sema: tulishinda. Utasikia ulimi unataka kuongeza "lakini". Usiongeze. Kaa chini, waache wapige makofi.